Vidole vya Hatem wa Darsait

"Nifungeni macho kwa masari yangu mwenyewe, kilemba hiki hiki, nipeni risasi yoyote mkononi, nami nitakutajieni jina lake. Na mkinichokoza, na jina la shangazi yake!"

Hatem aliyasema hayo harusini, Al Hail, huko Oman, mbele ya wanaume mia mbili, sahani za wali hazijaondolewa. Wakamfunga. Wakampa risasi saba, akazitaja saba, kila moja akiipitisha baina ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayechambua mchele. Video ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikamrudia mwenyewe kutoka Unguja, imetiwa muziki. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, Hatem hakuitazama tena risasi aliyoishika. Kutazama, kwake, kungekuwa sawa na imamu kuchungulia msahafu kwenye Alhamdu.

Karakana yake iko Darsait, baina ya mshona mapazia na fundi wa viyoyozi. Leseni ya kutengeneza bunduki na kuuza risasi imetundikwa ukutani ndani ya fremu, juu ya birika la kahawa. Anayemsaidia ni Ochieng, mtu mzima wa Kisumu, mchongaji wa vitako vya mbao vya bunduki ambaye hasemi sana ila akisema huwa ameshapima. Mara tatu Ochieng alimwomba wanunue kipimo cha chuma, kile cha kubana kitu na kusoma unene wake.

"Kipimo ni gongo la kipofu," Hatem akamjibu mara zote tatu. "Mimi nna vidole."

Asilolisema ni kwamba vidole vilikuwa vinakufa. Sukari ilianzia miguuni: siku moja kandambili ilimvuka njiani, akaendelea mpaka ngazi za msikiti bila kujua kwamba mguu mmoja u mtupu. Kisha ikapanda mikononi. Mkewe, Jawaher, alimkuta ameshika birika la moto kwa ubavu, anaichekea simu.

"We Hatem, mkono huo ni wako au umeazima?"

"Kazi imenikomaza ngozi, mke wangu."

"Kazi au halwa?"

Hatem akaimeza kwanza ile iliyokuwa mdomoni.

Alhamisi moja baada ya sala ya adhuhuri akaingia Khalil, kijana wa Qurum, bunduki mbili begani. Zilikuwa za marehemu baba yake, na huyo marehemu alikuwa rafiki wa Hatem tangu wote wawili hawana ndevu. Khalil alikuwa na safari Jumamosi, kwenda Ulaya kuwinda ayala, yule mnyama jamii ya kulungu mwenye pembe kama matawi, kwa kuwa nyumbani Oman ukimgusa paa wa mlimani utamwelezea hakimu. Kibali chake kilimruhusu kusafiri na bunduki moja tu.

"Ami, nimechoka kusoma mabishano ya mitandaoni. Mmoja anasema bunduki ya risasi za mia mbili sabini, mwengine anasema mia tatu na nane, wote wanatukanana. Nichukue ipi?"

Hatem akafurahi. Akafungua boksi mbili za risasi, akatoa moja kutoka kila boksi, akazishika, kila mkono na yake.

"Hii mia mbili sabini. Kichwa chembamba, inakwenda mbio, inanyooka, na teke lake ukipiga haliumizi bega. Hii mia tatu na nane. Fupi kidogo, kichwa kinene, na unaipata duka lolote duniani. Yakhe, hawa ni mapacha! Ukioa kwenye mapacha, tazama yupi mamake utaweza kukaa naye."

"Mama yao si mmoja, ami?"

"Ndiyo maana huna mke. Sikiliza. Ayala hatauliza umempiga na ipi. Atauliza kwa nini umemvunja mguu ukamwacha. Unaogopa teke?"

Khalil akatazama chini. "Kidogo."

"Basi chukua mia mbili sabini. Anayeogopa teke hufumba macho, na anayefumba macho huua miti. Nenda uwanja wa shabaha leo ukaizowee. Bismillahi kwanza, kisha kidole."

Huku akisema, huku anarudisha risasi kwenye boksi, macho yake usoni kwa kijana, kama kawaida yake. Risasi zilikaa kichwa chini, makalio juu, na makalio ya risasi zile mbili yanafanana kama sarafu za baisa hamsini. Akafunga boksi ya mia mbili sabini, akampa. Bunduki ya pili na boksi yake zikabaki karakanani. Khalil akaondoka.

Saa nzima ikapita. Ochieng akaichukua boksi iliyobaki ili aifungie kabatini.

"Mudir," akamwita bosi wake, "hii boksi inakataa kufunga."

"Isukume."

"Nimeisukuma. Kuna moja ndefu, imeinua kifuniko." Ochieng akaichomoa, akaileta karibu na dirisha, akasoma maandishi ya makalioni. Akasoma tena. "Mudir, hii ni two-seventy."

Hatem akapiga hesabu. Mia mbili sabini iko humu. Basi mia tatu na nane iko kule. Ni fupi, kwa hiyo inaingia ndani ya bunduki ya mwenzake. Ni nene, kwa hiyo kwenye mtutu haipiti. Na mshindo usiopata njia ya mbele hurudi nyuma, lilipo shavu la mpigaji.

Akapiga simu. Imezimwa. Uwanjani simu huachwa getini.

"Washa gari," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya harusini.

Njia kutoka Darsait mpaka uwanja wa shabaha, nje ya Seeb, ni ndefu siku yoyote. Alhamisi mchana kila mwenye gari anakumbuka kwamba ana shangazi huko Barka. Walipofika Qurum magari yamesimama. Hatem alikuwa ameishika ile risasi ndefu, anaisugua baina ya vidole viwili, anatafuta shingo yake, anatafuta bega lake. Alikuwa anasugua pamba.

"Mzee, kwani siku hizi vidole havisikii?" Ochieng akauliza bila kumtazama.

"Endesha."

"Naendesha. Nauliza tu."

"Tangu Ramadhani," Hatem akasema. "Endesha, Ochieng."

Getini walimkuta Sleiman, mlinzi, na daftari lake na simu ya upepo. Mbele yake sanduku la simu, na ndani yake simu moja tu. Wengine wote walikwenda mpirani. Ukasikika mlio mmoja kutoka nyuma ya ukuta. Mkavu, mzima. Hatem akapumua.

"Aa, ami mfumba macho!" Sleiman akacheka. "Umekuja kutuonyesha tena?"

"Kapiga ngapi huyo?"

"Kumi na nne. Kumi na tano. Sihesabu mimi, si zangu."

"Simamisha uwanja."

"Kwa sababu gani? Lazima niandike. Sababu, jina, saini."

Hatem akafungua mdomo, akaufunga. "Risasi zimeingia unyevu."

"Unyevu si dharura, ami. Asubiri amalize."

Mlio mwengine. Ochieng akaruka kama umempiga yeye. Katika boksi ya ishirini zilikuwa zimebaki nne, labda tano, na moja kati yazo ilikuwa imebeba jicho la mtoto wa rafiki yake. Kimya kikafuata, kimya kirefu, cha mtu anayetia risasi nyengine.

"Andika," Hatem akasema. "Andika Hatem wa Darsait kachanganya risasi. Kampa kijana ya bunduki nyengine. Alishika mkononi asiijue. Andika vidole vyake havisikii. Nipe nitie saini, na simamisha uwanja sasa hivi, Sleiman, nakuomba kwa mama yako!"

Kicheko kikafutika usoni mwa Sleiman. Alishika simu ya upepo kabla ya kalamu. King'ora kikalia.

Walimkuta Khalil ameinamia bunduki, kiganja juu ya komeo la kufungia risasi, anasukuma.

"Ondoa mkono!"

Akauondoa. "Ami, inagoma kufunga. Nilidhani uchafu. Nilikuwa naibana kwa nguvu."

Hatem akalivuta komeo nyuma kwa mikono miwili. Risasi ikatoka, ikaanguka kwenye mkeka. Fupi. Aliiokota mara ya pili, maana mara ya kwanza alifunga vidole akadhani ameishika. Akafumba macho kwa mazoea, akaipitisha baina ya gumba na shahada. Haikumwambia kitu. Haikuwa na jina wala shangazi.

Akafumbua macho, akaisogeza mpaka karibu na pua, akasoma.

"Ami," Khalil akasema taratibu, "unatazama?"

"Natazama."

Kijana akaketi mkekani. Akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Sasa nichukue ipi?"

"Hiyo hiyo. Mia tatu na nane inakaa kwangu kabatini, na kila risasi yake, mpaka urudi. Pacha mmoja anatosha nyumbani. Na hizo zilizobaki tutazisoma moja moja, mimi, wewe na Ochieng, kwa sauti."

Wakazisoma, nne, kwa sauti, kama watoto wa chuo cha Kurani. Zote zilikuwa mia mbili sabini.

Picha ya ukurasa wa daftari ilikuwa kwenye simu za watu kabla ya isha. Safari hii haikutiwa muziki. Jawaher aliisoma mpaka kwenye saini, akachukua sahani ya halwa iliyokuwa mezani, akaenda kumpa jirani. Hatem aliitazama ikienda na hakuitetea.

Jumamosi asubuhi, ndege ya Khalil ishaondoka, Hatem na Ochieng walivuka barabara kwenda duka la vifaa. Kipimo cha chuma kilikuwa riyali nne na baisa mia mbili.