Alama ya Mionzi Kwenye Stoo ya Maharage

Walisema sitaweza kujaza stoo. Walisema mtoto wa Kasulu aliyeondoka na mfuko wa plastiki atarudi na mfuko ule ule, kwamba stashahada ya ugavi inafaa kufungia vitumbua, na kwamba hakuna mkulima wa milimani atakayenipa maharage yake kwa neno la mdomo tu. Basi stoo niliijaza, hapa hapa Kasulu, nyuma ya soko, mpaka magunia yakakaribia mabati, na mengi kati ya hayo nilipewa mali kauli, yaani nichukue sasa nilipe nikishauza. Nayasema haya mapema ili tukifika kwenye aibu (na ni aibu kweli, hadi leo wapo wanaofunika vikapu nikipita) mkumbuke kwamba aliyeaibika alikuwa mtu mwenye stoo iliyojaa.

Kabla ya kurudi nilikuwa mtunza stoo wa hospitali moja huko Mwanza, nikasoma stashahada yangu jioni kwa nauli ya kujinyima, na nilipoondoka nikabeba, pamoja na vyombo vyangu, stika moja iliyobaki baada ya kubandika milango ya chumba cha eksirei. Mnaijua ile ya njano yenye mapanga matatu meusi kama ya feni. Sikuwa na kazi nayo, niliipenda tu.

Sasa, mwezi mmoja baada ya kujaza stoo nikapima magunia upya, nikakuta kila gunia limepungua. Nikaanza kumtilia shaka kila mtu mwenye mikono. Nilimshuku mlinzi, nikamshuku fundi aliyetengeneza kitasa, lakini zaidi ya wote nilimshuku Mzee Shabani, jirani yangu muuza misumari na mabati, ambaye duka lake na stoo yangu vinatumia ukuta mmoja. Mzee huyu alikuwa ananisalimia kwa upole mno kila asubuhi, na mimi nikajiambia, mtu mpole namna hii ana jambo. Nikamwaga majivu sakafuni ili nione nyayo za mwizi. Asubuhi nikakuta nyayo zangu peke yake, na hata hizo nikaziangalia mara mbili.

Hapo ndipo nikaikumbuka stika. Nikaibandika katikati ya mlango.

Mzee Shabani akaja na kikombe chake cha kahawa mkononi. "Jirani, hii feni ya mlangoni ni ya nini?"

"Ni alama ya mionzi, Mzee. Humo ndani kuna chanzo."

"Chanzo cha nini, mwanangu? Humo si mna maharage?"

Ningecheka hapo, ningesema natisha wezi, mambo yangeisha. Lakini lile swali lake la "si mna maharage" nililiona ni la upelelezi, nikamjibu kwamba kuna chanzo cha mionzi chenye kibali cha serikali, na kwamba mtu akiuegemea ule ukuta, shauri yake. Kesho yake akahamisha rafu zake zote za misumari kutoka kwenye ukuta ule. Nikasema moyoni, mwizi amejitambulisha.

Maneno yakafika kwenye vibanda vya chai, na watu wa vibanda vya chai wanapenda maswali. Wakaniuliza kama ni urani. Wakauliza kama ndiyo ile ile ambayo mataifa yanagombania kwenye taarifa ya habari, na kama serikali inaweza kumpa raia aitunze. Mimi maneno hayo niliyajua kama wao, kwa kuyasikia redioni, lakini mtu mwenye stashahada hawezi kuulizwa jambo mbele ya watu akasema hajui, kwa hiyo nilijibu yote. Nikasema urani ikishachakatwa ni mali ya dola, kuna wanaoaminiwa kuitunza, na zaidi ya hapo mimi si mtu wa kuropoka. (Hiyo ya kutoropoka ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu hakuna kinachosambaa upesi kama siri ya mtu asiyeropoka.)

Mfanyabiashara wa Kibondo aliyekuwa achukue mzigo wote alikuja na lori lake, akasoma mlango, akamwambia dereva asizime injini.

"Kaka, maharage yako yana nini?"

"Hayana kitu."

"Na hii stika?"

"Ya usalama."

"Usalama wa nani?"

Lori likageuza.

Haikupita wiki nikaitwa ofisi ya mtendaji wa kata. Nikamkuta mtendaji, askari mmoja mwenye uso wa kukosa chai, na dada mmoja aliyetoka mbali kwa gari la serikali, mkaguzi wa mambo ya mionzi, na nje ya dirisha nusu ya soko imesimama. Mbele kabisa alikuwa Mama Zelida wa Munanila. Huyu mama alinipa mavuno yake karibu yote kwa mali kauli, na fedha yake ndiyo iliyokuwa imrudishe binti yake chuo cha uuguzi muhula ukifunguliwa. Hakunisalimia. Aliniangalia kama unavyoangalia daraja lenye ubao uliooza.

Mkaguzi akafungua kitabu cha sheria ukurasa wa mwanzo, pale panapoelezwa maana ya maneno.

"Kaka, watu hawa wanasema umetumia maneno mengi. Naomba tuyatenganishe. Mionzi ni nguvu inayotoka. Chanzo ni kile kinachoitoa. Uchafuzi ni pale kile kitu chenyewe kinapomwagika kikashika vitu vingine, kama chakula. Kibali ni karatasi ya dola inayokuruhusu kumiliki. Wewe umesema unacho chanzo?"

"Ni kama nilisema."

"Basi nionyeshe kibali."

"Kibali sina."

"Kwa hiyo unamiliki chanzo bila kibali. Afande, hilo ni kosa."

Afande akasogeza kiti. Nikasema haraka, "Dada, ukweli ni kwamba sina hicho chanzo."

"Vizuri. Toka nje uwaambie hao. Kwa sauti."

Ndugu zangu, nilitamani kufungwa. Kule Mwanza nimewahi kuongoza kikao cha wakuu wa idara, lakini kutoka mlango wa mtendaji na kusema mbele ya soko zima, "Ile ni stika tu, niliitoa hospitali, humo ndani mna maharage," kulinitoa jasho mpaka kwenye soksi. Mzee Shabani alikuwepo. Akashusha macho, kwa adabu, na hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Nikadhani yameisha. Mkaguzi akasema lazima apime ili awaridhishe watu, tukaenda stoo msafara mzima, akawasha kifaa chake kidogo. Kikalia. Tik. Kikanyamaza, tik, tik. Soko lote likarudi nyuma kwa pamoja, mama mmoja akapoteza kandambili. Dada wa watu akaeleza kwamba mionzi ya asili ipo kila mahali, udongoni na angani, akakipeleka kwenye mgomba kikalia vile vile, akakipeleka kwenye pikipiki ya mtendaji kikalia vile vile. Haikusaidia. Mtendaji akaanza kuiangalia pikipiki yake kwa wasiwasi.

Afande akaamuru magunia yote yatolewe na kupimwa, kwa kuwa nilikuwa nimelalamika pia kuhusu mwizi. Magunia yalitimia yote, mshono wa kila moja haujaguswa, na kila moja limepungua karibu sawa na jingine.

"Mwizi gani huyu mwenye haki," afande akasema, "anapunja kila gunia kwa usawa halafu analishona?"

Ndipo nikakumbuka. Maharage mapya yana maji. Yakikaa yanakauka, uzito unapungua. Ni somo la mwaka wa kwanza, na kwenye mtihani nililijibu vizuri sana.

Mkaguzi aliniachia karatasi yenye muhuri kwamba stoo ni salama, nikaibandika palepale stika ilipokuwa. Ikazidisha ubaya. "Kama hamna kitu," walisema vibandani, "serikali ililetea nini gari?" Stoo imejaa, mnunuzi hakuna, na chuo cha binti wa Mama Zelida kinakaribia kufunguliwa.

Siku ya gulio Mama Zelida akaja na wenzake walionikopesha, wakasimama mbele ya mlango.

"Karatasi hatuli," akasema. "Kwetu mwenye chungu huonja kwanza. Pika."

Mnajua desturi yetu ya pombe, mwenyeji asipoanza kuonja mgeni hanywi. Nikaweka mafiga mbele ya stoo, nikachota kwenye gunia walilolichagua wao, nikapika, na watu wakasimama kungoja meno yangu yadondoke. Nikala peke yangu, gulio zima likinihesabia matonge. Kisha Mzee Shabani akatoka dukani na sahani yake, akakaa chini pembeni yangu.

"Mzee, huogopi?" mtu akauliza.

"Ukuta wetu ni mmoja," akasema. "Kama ni kufa, nilishakufa zamani. Niongezee mchuzi, jirani."

Alikula, akaomba tena, nami nikampakulia. Nilipika hivyo kila gulio, nikila na jirani niliyemwita mwizi, mpaka wanunuzi wakaanza kuchota ya kuonja, halafu ya kubeba.

Nimewalipa wote walionikopesha, waliosema sitaweza waandike hilo. Wa mwisho alikuwa Mama Zelida, siku mbili kabla chuo hakijafunguliwa. Nikamnyooshea fedha yake. Hakuipokea.

"Lamba kidole," akasema, "uihesabu wewe kwanza."

Nikalamba, nikahesabu noti moja moja mpaka ya mwisho, huku akinitazama mdomoni. Ndipo akafungua khanga yake akaipokea. Tangu siku hiyo mlangoni kwangu sijabandika kitu, hata kalenda.