Nilivyoliziba Pumzi Gari la Baba Mkwe

Nnasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa mawifi zangu: aliyelizimisha gari la harusi ya mwanangu Zuhura ni mie, na nililizimisha kwa ubani wa kutafuna.

Gari lenyewe la baba mkwe wangu, Mzee Mcha, la zamani kuliko yeye (na yeye keshapita themanini). Wanawe wanataka liuzwe chuma chakavu. Akawaambia, "Likimfikisha mjukuu wangu kwa mumewe, mniachie. Likikwama njiani, lichukueni." Basi.

Alasiri hiyo, kwetu Mpendae, nshamfukiza bibi harusi udi tangu asubuhi, nguo mpaka nywele, naingia garini nakutana na harufu ya petroli! Mzee kenda kutawadha, nikafunua boneti, nikaona kitanki cha shaba pembeni ya injini, juu yake kijibomba kiko wazi, harufu inatokea humo. Nikatoa ubani kinywani, nikakiziba, nikapiga bismillahi (eti nafanya la kheri). Mzee akarudi, akashika usukani, tukaondoka.

Kufika Michenzani gari likakohoa, likazima. Watu wakajaa roshani zote za maghorofa.

"Mzee, lizikeni hilo!" akapiga kelele mmoja kutoka juu.

"Si tulisema?" akadakia wifi yangu mkubwa. Zuhura ndani ya ushungi analia, wanja unamchuruzika.

Mzee akakagua plagi, nyaya, akagonga tangi la nyuma, limejaa. Akasimama. "Sijui," akasema, taratibu. Miaka yote niliyoolewa na mwanawe sijapata kumsikia akilisema neno hilo juu ya gari lake.

Ningenyamaza nani angejua? Lakini magharibi inakaribia, na mie nitasimamaje kwenye msala na jambo lile kifuani?

"Baba," nikasema, watu wote wanasikia, "nimeziba pale juu. Kwa ubani."

Akauchokoa kwa pini ya mtandio wangu. Hewa ikaingia, fyuuu.

"Mwanangu, gari hili halina pampu. Injini yenyewe ndiyo inayoyanyonya mafuta kutoka tangi la nyuma, kama unavyonyonya soda kwa mrija, yanaingia kitanki hichi, halafu yanateremka yenyewe kwenye kabureta. Hewa isipoingia juu, chini hayateremki. Wewe kopo la maziwa hulitoboa tundu ngapi?"

"Mbili."

Roshani zote zikaangua kicheko. (Na wiki ile ile, kwenye shule ya jioni ya watu wazima ninayosoma, tulikuwa tushasomeshwa msukumo wa hewa, mie nikapata alama nzuri kuliko wote.)

Zuhura alifika kabla ya adhana, ananukia udi na petroli. Gari halikuuzwa. Na mie nimeapa: sizibi tena kitu ambacho sijui kinapumulia wapi. Lakini Mzee hasahau. Mpaka leo, nikishika tu mlango wa gari, ananyoosha kiganja chake: "Tema kwanza."