Fomu ya Mama wa Kwaya

Kazi yangu ni kulinda nyimbo za watu. Anayepiga muziki baa, saluni au ukumbini, mie ndiye namfuata na fomu ya kibali. Anayetunga, mie ndiye namsajilia wimbo wake. Sheria ya hakimiliki niliisoma shule ya jioni kule Mtoni, nikaikariri hadi mbu wa darasani nao wangefaulu mtihani.

Pamoja na usomi wote huo, fomu moja kutoka Bunju nusura inishinde. Aliileta mama mmoja mwalimu wa kwaya, mtu wa bara, mpole kuliko maji ya mtungini. Kwenye nafasi ya mtunzi alikuwa ameandika: Roho Mtakatifu.

Nikamwamkia, nikamkalisha, nikamweleza kwamba mtunzi lazima awe mtu, na aweke sahihi. Akasema wimbo hakuutunga. Alipewa, akiwa jikoni anamenya ndizi, wiki aliyomzika mama yake. Kwayani kwao kujiandika mwenyewe ni kujitukuza.

Sasa, mwenye studio mmoja wa Tandale, aliyeirekodi kwaya yao, alishaomba kuusajili wimbo uleule kwa jina lake. Yeye hakumtaja Roho yeyote. Muda wa pingamizi ulikuwa unaisha siku hiyohiyo saa tisa na nusu, na pingamizi lisilo na jina la mtu halipokelewi. Nikabembeleza mpaka koo likaota kutu. Nikafungua daftari lake, beti zimekatwakatwa kwa mwandiko wake mwenyewe, nikamuuliza kama Roho naye hufuta.

"Mie ndo nilikuwa nasikia vibaya," akajibu. "Mwache achukue, mwanangu. Mungu anajua."

Saa tisa ikagonga. Nikakumbuka rekodi ya wimbo aliyoleta yule bwana wa studio pamoja na ombi lake, nikaifungulia kwenye simu. Kaugeuza singeli, muziki wa vigodoro, mbio kama gari la zimamoto. Mama akasikiliza kwa adabu hadi ubeti wa tatu, ule wa mama yake kuvuka mto. Kwa yule bwana, anayevuka ni mlevi, anafuata bia nyingine.

Akaniomba nirudishe nyuma. Akasikiliza tena, miwani mkononi.

"Mama yangu hakunywaga pombe," akasema. "Na aliyenipa wimbo naye hanywi. Lete kalamu."

Akaandika majina yake yote manne, makubwa, yakamwagika nje ya kisanduku. Nikagonga muhuri, Kinondoni nzima ikadhani tetemeko. Ndipo nikaona chini ya jina, kwa herufi ndogo, ameongeza neno: nilipewa.

Nikaliacha. Sheria ninayoijua mie haina kifungu cha kulikataza.