Mama Aliyealika Matusi Uwanjani

Dereva wa pikipiki ndiye aliyenipa habari, tukitoka mtaa wa Ndosho: yule mama aliyewafundisha mabinti wa chuo kikuu mpira wa kikapu ametutoka. Niliumia sana, lakini katika uchungu huo nilijikuta nikijivuna, maana Goma haitampata mwingine hivi karibuni.

Mabinti wetu walikuwa simba mazoezini na kondoo ugenini. Walipokwenda Bukavu, watazamaji walipozomea, mikono iliwaganda. Wako walioshauri maombi, wako walioshauri jezi mpya. Yeye alishuka sokoni Birere akawaomba akina mama wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, waje kila Jumamosi kuwatukana wachezaji wake. Kazi hiyo hawakuhitaji kufundishwa. Mmoja alimwuliza kapteni, binti aliyetoka Masisi, kama anatupa mpira au anamwaga maji ya vyombo. Binti alilia, akasema anaacha timu, ingawa chuo kilimsomesha kwa sababu ya mpira tu na kuacha kungemrudisha nyumbani bila diploma. Kocha alimketisha kwenye jiwe la volkano kando ya uwanja.

“Baache tu,” alimwambia. “Makelele ni yabo, mupira ni yako. Funga macho, pumua, uone inaingia. Kisha utupe.”

Wazazi walimlaumu kwa ukatili. Mchelea mwana kulia hulia yeye, aliwajibu, akaendelea. Sisi wa mji huu tunajisifu kwamba tumezaliwa wagumu, na labda ndiyo sababu hatufikirii kwamba akili nayo hufanyishwa mazoezi kama miguu. Mwanafunzi akishindwa mtihani kwa kutetemeka, tunasema hana kichwa.

Waliporudi Bukavu nilikuwepo. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, dakika zimekwisha, na kapteni amepewa mitupo huru miwili. Uwanja mzima ulimzomea. Kocha alikaa, mikono mapajani. Binti alifumba macho, akapumua, akatupa: ndani. Akafumba tena, akapumua tena: ndani. Mimi na mvi zangu nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Baadaye kocha alimwuliza kama hakuogopa.

“Woga ilikuwa mingi, Mama,” alijibu. “Lakini mikono haikuiuliza kitu.”

Binti huyo alipata diploma yake. Woga utawajia watoto wetu tupende tusipende. Tuwafundishe mapema la kufanya ukishafika.