Siku Nilipovunja Mafuvu Mbele ya Baba Mkwe

Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, tusigombane. Siku hizi natengeneza mafuvu hapa Karatu. Ni ya paka wakubwa wa zamani sana waliotoweka duniani, wenye meno ya juu marefu kama visu vya buchani. Mifupa yao halisi iko makumbusho. Mimi nakoroga jipsam, ule unga mweupe wa dari, namwaga kwenye kalibu ya mpira, fuvu likikauka nalipaka chai ya rangi iliyokolea na udongo mwekundu lionekane la kale, halafu naanika juu ya paa la bati. Maduka ya watalii yananunua, na shule pia, zile zenye watoto wanaomaliza.

Wakati huo nilikuwa nimemtuma baba mdogo apeleke posa kwa binti mmoja kule Rhotia, nasubiri jibu. Jumamosi asubuhi baba wa binti akashuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu. Kwao ndivyo wanavyofanya, wanakuja bila taarifa wakukute ulivyo. Alinikuta na kaptula imeganda jipsam, nimesimama kama sanamu.

"Shikamoo baba."

Alikuwa anaangalia bati.

"Hizo ni nyara za serikali," akasema.

"Hapana baba, ni jipsam."

"Jipsam ina meno?"

Huku tunaishi jirani na hifadhi. Ukikutwa na jino la simba, hata kama uliliokota, unaondoka na askari. Mzee akamwambia dereva wa bodaboda asiondoke, na mimi nikaona mke anarudi Rhotia kabla hajafika. Nikaanza kumweleza kwamba hawa paka hawapo tena, hakuna hata mmoja.

"Hawapo kwa sababu umewamaliza?"

Nikapanda ngazi, nikashusha fuvu zuri kuliko yote, la mteja, nikalipiga kwenye jiwe la kufulia. Ndani jeupe pee. Mzee akaokota kipande, akakilamba, akatema.

"Ladha ya dari ya kanisa letu."

"Mzee, dari uliilamba lini?" dereva akauliza.

"Nilimshikia fundi ngazi, ikanidondokea mdomoni. Wewe kijana, vunja na lile."

"Baba, yote ni sawa."

"Mjanja anaweza kuweka moja la uongo mbele."

Nikavunja. Akaonyesha lingine, nikavunja na hilo, roho inauma lakini mkono hausiti. Mwisho akacheka mpaka akakohoa.

"Inatosha. Sasa binti yangu utamlisha nini, na kazi yote umeipasua?"

"Namwaga mengine leo leo, baba."

Akavua koti, akataka aone. Nikakoroga, akasema nimefanya uji wa mgonjwa, niongeze unga. Nikaongeza. Tukamwaga pamoja, tukakaa kwenye ndoo tunakunywa chai ile ile ya kupakia mafuvu, maana nyingine sikuwa nayo.

Alipoinuka akasema, "Mwambie baba yako mdogo aje Jumapili baada ya ibada. Tupange siku."

Mikono yangu ilikuwa imejaa jipsam mbichi, nikaificha nyuma nisimchafue. Akauvuta mmoja, akaushika hivyo hivyo.