Karibu, Nikusaidie Nini?

Mhadhiri alipouliza ni nani atafungua kampuni yake akihitimu, darasa zima lilinyoosha mikono. Kijana mmoja ambaye hajawahi kuuza hata pipi alinyoosha yote miwili! Binti wa fundi mapazia peke yake aliikalia ya kwake.

"Si kwenu mna duka?" wenzake wakamshangaa.

"Ndiyo maana," akajibu.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini huyu alikuwa ameapa kuwa mjusi wa ofisini. Alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akila kwa kusimama. Mlango ukilia, ni mteja; sahani isubiri. Baba mwenyewe alimwambia, "Mwanangu, wewe utakalia kiti kinachozunguka."

Siku ya usaili wa kazi ya ofisini ikafika. Akiipata kazi hiyo, duka kwaheri. Alikuwa akiyamwaga majibu kama maji ya bomba, mara mlango nyuma yake ukalia kwii! Wasaili hawajainua hata vichwa, binti ameshasimama, tabasamu hadi masikioni.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Nimeleta maji ya kunywa," akasema mzee aliyebeba katoni.

"Weka pale pembeni, baba. Pole na ngazi."

Mwenyekiti wa usaili alicheka mpaka miwani ikamponyoka. "Binti, ndiyo umeshatuajiri sisi?"

Binti naye akacheka, huku moyo ukimwenda mbio kama cherehani. "Samahani, mama. Naona nimekaa upande wa meza usio wangu." Akashukuru, akaaga.

Ngazi alizishuka kwa kuruka, suti ikipepea. Madirisha ya mabweni yote ya chuo si yana kipimo kimoja? Na wanafunzi si wanatundika mashuka? Basi atawakodishia mapazia! Mtu akihitimu arudishe, yafuliwe, apewe mwingine. Loo! Wazo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote!

Dukani baba alimpokea na mkasi mkononi. "Enhe, kiti kinazunguka?"

"Sikukingoja, baba." Akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Yaani nimekusomesha urudi kwenye pini?"

"Sirudi dukani. Nafungua kampuni. Wewe ndiye fundi wangu wa kwanza."

"Mimi? Niajiriwe na mtoto niliyemfunga nepi?"

"Baba nanihii, uliza mshahara kwanza," mama akachokoza kutoka nyuma ya cherehani.

Baba akavuta pumzi ya kufoka. Mlango ukalia.

"Karibu, nikusaidie nini?"

Walisema wote wawili, sauti moja, tabasamu moja. Mteja akabaki anageuza shingo kama feni, hajui amjibu yupi. Mama alikuwa ameinamia cherehani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Baba akaivua futi ya kupimia shingoni mwake, akamvisha bintiye.

"Huyo wako, bosi. Na ole wako umpunguzie bei!"