Nyonga ya Dada na Ngoma ya Mavuno

Mwaka ule dada yangu alianza kuumwa nyonga. Alijifunga sweta la mtumba kiunoni, akalikaza, akaendelea kulima. Maumivu yalizidi alipokaribia siku zake za mwezi, kisha yakalegea. Baba akasema ugonjwa wenye ratiba ni uvivu.

Kwetu, karibu na Bahi, wanawake hupiga ngoma wakiwa wameibana kati ya mapaja. Siku ya sherehe ya mavuno dada ndiye aliyeongoza. Mimi nilikuwa kando yake na ngoma ndogo. Alipiga kutwa, anaimba, anacheka, jasho linamtiririka.

"Dada, nyonga?" nilimnong'oneza.

"Nyonga gani? Piga, usinipotezee mdundo!"

Jioni alirudi nyumbani akichechemea, kashika bega langu. Asubuhi hakuweza kuinuka. Aliuma shuka asilie. Uani, mama akamwomba baba ampeleke zahanati kwa baiskeli.

"Huyu?" Baba alicheka. "Jana ngoma, leo mgonjwa! Nyonga yake inapenda sherehe, haipendi jembe." Akanigeukia. "We ulikaa naye. Alilalamika?"

Nilitazama chini. Mbele ya baba maneno yangu hukauka.

"Hapana, baba."

Hakuwa amelalamika, ni kweli. Habari za bega na shuka sikuzisema. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta mpaka mvua zikarudi.

Tulipompeleka hatimaye, kwenye zahanati ya mtu binafsi, wakati huo zahanati za aina hiyo ndio kwanza zimeruhusiwa, tabibu alisema kifua kikuu kimekwisha kuula mfupa wa nyonga. Baba akamweleza habari za ngoma na za ugonjwa wenye ratiba, kama mtu anayejitetea.

"Mzee, ubongo una dawa yake wenyewe ya maumivu," tabibu alisema. "Mtu akiimba na kucheza hivyo, dawa hiyo hutoka, ikashika vipokeo mle mle ubongoni, vile vile vinavyoshikwa na mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitali. Maumivu hayasikiki. Na homoni za mwanamke zikishuka kabla ya siku zake, dawa hiyo hupungua nguvu. Binti hakudanganya siku yoyote."

Baba akaninyooshea kidole. "Nilimuuliza huyu."

Dada alipona kifua kikuu. Mguu ulibaki mfupi, na mapaja yake hayawezi tena kubana ngoma. Wanawake wakanipa mimi ngoma yake. Yeye hukaa kwenye kigoda, akinisahihisha mdundo. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilisema hapana. Asubuhi ile alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, na alisikia.